Kusomesha Watoto Nyumbani Huku Jeshi Likikuhamisha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wakenya, Watanzania, Wakongomani na jamaa zao walio ndani ya jeshi la Marekani si wachache tena. Wengine waliingia kwa mpango wa MAVNI, wa kuandikisha wageni wenye lugha au ujuzi uliohitajika, ulioanza kuandikisha watu mwaka 2009 na kusimamishwa 2016, ambao Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizotafutwa. Wengine waliandikishwa kama kawaida wakiwa na karatasi za ukaaji wa kudumu. Wote wanaijua karatasi ya PCS, yaani amri ya kuhamia kituo kipya: baada ya miaka michache inaingia nyumbani, na familia inafunga virago. Maswali haya ni ya waliochagua kusomesha watoto nyumbani na wanataka kujua sheria inawakinga vipi wakivuka mpaka wa jimbo. Mabunge ya majimbo hupenda kugusagusa sheria hizi, kwa hiyo kabla ya kutuma fomu yoyote fungua ukurasa wa idara ya elimu ya jimbo unakokwenda usome masharti ya mwaka huu.

Je, kuna sheria moja ya taifa inayonilinda popote ninapohamishiwa?

Hapana. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea tangu mwanzo. Elimu Marekani ni mambo ya majimbo, na Bunge la taifa huko Washington halijatunga sheria inayosema kibali cha Texas kitatambuliwa New York.

Ulichonacho ni vitu viwili. Kwanza, kusomesha nyumbani ni halali katika majimbo yote 50. Pili, Mahakama Kuu ya Marekani imekubali kwa miaka mia moja sasa kwamba mzazi ana haki ya kuongoza malezi na elimu ya mwanawe: kesi ya Meyer dhidi ya Nebraska mwaka 1923, Pierce mwaka 1925, na Yoder mwaka 1972, ile ya wazazi wa Kiamishi (dhehebu la Kikristo linalojitenga na maisha ya kisasa) waliokataa kupeleka watoto shule baada ya darasa la nane. Lakini mahakama hiyo hiyo haikuyanyima majimbo uwezo wa kuweka masharti ya busara. Kwa lugha nyepesi, hakuna jimbo litakalokukataza, ila kila moja litakuambia ufanye kwa namna yake.

Nimesikia kuna mkataba wa majimbo kuhusu watoto wa wanajeshi. Si ndio huo unaotulinda?

Upo, na ni mzuri, lakini haukutungwa kwa ajili yako. Mkataba huo husimamiwa na tume inayojulikana kama MIC3. Ulianza kufanya kazi mwaka 2008 majimbo kumi ya kwanza yalipoukubali, na kufikia 2014 majimbo yote 50 pamoja na Washington D.C. yalikuwa ndani. Unahusu watoto wa wanajeshi walio kazini, wa Walinzi wa Taifa na akiba walioitwa kazini, na kwa mwaka mmoja zaidi watoto wa aliyestaafu, aliyeachishwa kwa sababu za kiafya au aliyefariki akiwa kazini.

Unalainisha mambo ambayo zamani yaliwatesa sana watoto hawa. Shule mpya inapaswa kumpokea mtoto kwa nakala zisizo rasmi za rekodi zake wakati zile rasmi ziko njiani. Familia inapewa siku 30 kukamilisha chanjo zinazotakiwa. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza kwenye jimbo moja harudishwi chekechea kwa sababu ya tofauti ya umri wa kuanza. Wa mwaka wa mwisho wa sekondari anasaidiwa asikwame kumaliza kwa sababu ya somo moja la historia ya jimbo.

Sasa angalia neno linalojirudia hapo: shule. Mkataba unahusu uhamisho kati ya shule za umma. Mtoto anayesomea nyumbani huko utokako na atakayesomea nyumbani huko uendako hayumo. Hata anayetoka nyumbani kuingia shule ya umma hapokelewi kwa mkataba huu, bali kwa taratibu za wilaya ya shule inayompokea: wengine watampa mtihani wa kumpanga darasa, wengine watatazama kazi zake, na kwa wa sekondari wengine watakataa baadhi ya alama za masomo. Nimeona watu wakiutaja mkataba huu kwenye barua kwa wilaya ya shule wakidhani ni ngao. Huo ni mwaliko wa kuulizwa maswali mengi zaidi. Usiutaje kama hauhusiki.

Makazi yetu ya kudumu kisheria ni Texas ingawa tunaishi Virginia. Tufuate sheria ya Texas?

Fuata ya Virginia. Sheria ya SCRA ya mwaka 2003, inayolinda haki za kiraia za wanajeshi, na ile ya 2009 iliyowaongeza wenzi wa wanajeshi, zinakuwezesha kubaki mkazi wa Texas kwa mambo ya kodi na kura. Unaweza kuendelea na leseni ya Texas na namba za gari za Texas. Lakini sheria ya kumlazimisha mtoto kusoma inamfuata mtoto pale anapolala. Mkazi wa Texas anayelala Norfolk ni mtoto wa Virginia kwa habari ya shule.

Tukishafika, tuna muda gani wa kujiandikisha?

Jibu liko kwenye jimbo, na tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Chukua familia inayotoka Fort Bliss, El Paso, kwenda Fort Drum kaskazini mwa New York. Uhamisho wa namna hii ni wa kawaida kabisa.

Texas mzazi hatumi taarifa kwa mtu yeyote. Tangu kesi ya Leeper, iliyomalizwa na Mahakama Kuu ya Texas mwaka 1994, masomo ya nyumbani yanahesabiwa kama shule binafsi. Kinachotakiwa ni mafundisho ya kweli yenye mtaala ulioandikwa, na masomo matano: kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Kama mtoto alikuwa shule ya umma, unaiandikia shule barua ya kumtoa. Basi.

Familia hiyo hiyo ikifika Drum inakuta dunia nyingine. Ndani ya siku 14 tangu kuanza masomo ya nyumbani katika wilaya ile, barua ya nia inapaswa kuwa mezani kwa msimamizi wa elimu. Wilaya inakutumia fomu, nawe unarudisha mpango wa masomo wa kila mtoto: vitabu gani, mada gani, nani anafundisha. Halafu kila robo ya mwaka unatuma ripoti yenye saa ulizofundisha, mlichokisoma katika kila somo, na alama au maelezo ya maendeleo. Saa ni 900 kwa mwaka kwa darasa la kwanza hadi la sita, na 990 kuanzia la saba. Mwisho wa mwaka kuna tathmini. Mama aliyezoea daftari moja pale El Paso anaweza kudhani ameshtakiwa. Hajashtakiwa, ndivyo New York ilivyo kwa kila mtu.

Kati ya hizo mbili kuna kila rangi. Virginia inataka taarifa kabla ya Agosti 15, ila anayehamia katikati ya mwaka anatoa taarifa mapema iwezekanavyo kisha anakamilisha mengine ndani ya siku 30; sheria yao inawataja waziwazi wanaohamia, nami naona ni ustaarabu. Georgia ni siku 30 tangu kuanza, halafu kila mwaka kabla ya Septemba 1. Colorado, kwa walio Fort Carson, inataka taarifa siku 14 *kabla* ya kuanza, kwa hiyo iandike ukiwa bado kwenye maboksi. Jimbo la Washington, kwa walio Lewis-McChord karibu na Tacoma, halimlazimishi mtoto hadi afike miaka 8, wakati Virginia inamhesabu wa miaka 5. Mtoto wa miaka 6 ambaye hakuwa na fomu hata moja Tacoma anaweza kuhitaji faili nzima Norfolk.

Tunahamia Fort Campbell. Ni Kentucky au Tennessee?

Ni zote mbili, kambi imekalia mpaka. Anayepanga Clarksville yuko Tennessee, anayepanga Oak Grove au Hopkinsville yuko Kentucky, na asubuhi wote wanapita lango lile lile. Kentucky unamwandikia msimamizi wa elimu mwanzoni mwa mwaka na kutunza rejista ya mahudhurio na rekodi ya maendeleo. Hakuna mtihani wa jimbo. Tennessee, kwa anayejitegemea bila kupitia shule mwavuli ya kanisa (inayoandikisha watoto wanaosomea nyumbani), mzazi anahitaji cheti cha sekondari au GED, cheti cha mtihani kinacholingana nacho, anafundisha saa 4 kwa siku kwa siku 180, na mtoto anafanya mtihani darasa la 5, la 7 na la 9. Kabla hujasaini mkataba wa nyumba, weka hili kwenye mizani pamoja na kodi ya pango.

Tukiishi ndani ya kambi, si ardhi ya serikali kuu? Jimbo lina nguvu gani hapo?

Mamlaka ya jimbo juu ya ardhi ya jeshi hutofautiana kambi kwa kambi, hata kiwanja kwa kiwanja, na mawakili wanaweza kubishana hapo mchana kutwa. Usifanye mwanao awe kesi ya majaribio. Tuma taarifa ya jimbo kama vile unaishi nje ya lango, na ubaki na nakala.

Tutakaa kwa shemeji Ohio wiki kadhaa tukisubiri nyumba. Tujiandikishe huko pia?

Kupita njiani, kukaa hoteli ya kambi au kwa ndugu wiki mbili tatu hakukufanyi mkazi. Endelea na masomo, weka amri ya uhamisho kwenye begi, na andika tarehe kwenye daftari la mahudhurio. Mambo yakichelewa mkavuka mwezi, hasa shule za hapo zikiwa zimefunguliwa, soma sheria ya jimbo hilo na ulitendee kama makazi. Mwezi mmoja si kifungu cha sheria. Ni tahadhari yangu tu.

Cheti changu cha sekondari ni cha Kenya (au Tanzania). Kinafaa?

Majimbo mengi hayamuulizi mzazi cheti. Yanayouliza, kama North Carolina, Georgia na Tennessee, yanataka cheti cha sekondari au kinacholingana nacho. Usisubiri ukataliwe. Fanya tathmini ya cheti chako cha KCSE, kidato cha nne au cha sita kwenye taasisi inayolinganisha vyeti vya nje, kama World Education Services, uwe na karatasi inayosema kwa Kiingereza kwamba kinalingana na sekondari ya Marekani. Cheti kilichoandikwa Kifaransa, kwa wanaotoka Kongo au Burundi, kinahitaji tafsiri rasmi kwanza. Karatasi hiyo utaitumia tena kwenye ajira, kwa hiyo gharama yake haipotei. Virginia ina mlango wa ziada: asiye na cheti anaweza kutumia programu ya masomo ya masafa.

Naruhusiwa kufundisha kwa Kiswahili?

Kufundisha Kiswahili kama somo, popote. Ile kesi ya Meyer ya 1923 ilitokana na mwalimu aliyetiwa hatiani Nebraska kwa kumfundisha mtoto Kijerumani, na Mahakama Kuu ikaifuta hukumu. Kufundisha masomo yote kwa Kiswahili ni jambo tofauti. California, kwa mfano, inataka shule binafsi (na wengi wa San Diego na Camp Pendleton wanasomesha nyumbani kwa kujaza kiapo cha shule binafsi) zifundishe kwa Kiingereza. Hesabu kwa Kiingereza, hadithi na insha kwa Kiswahili: familia nyingi zinaishia hapo hata bila kulazimishwa.

Mimi na mume wangu wote ni wanajeshi. Tukipelekwa ng'ambo pamoja, bibi yao anaweza kuendelea kuwafundisha?

Hapa kuwa mwangalifu. Hati ya uwakala mliyoandika kwenye mpango wa malezi wa familia inamwezesha bibi kumpeleka mtoto hospitali na kumwandikisha shule ya umma. Ule mkataba wa majimbo unaitambua kwa kazi hiyo. Lakini sheria za kusomesha nyumbani humtaja mzazi au mlezi wa kisheria, na bibi mwenye hati ya uwakala si lazima ahesabiwe mlezi wa kisheria. Nenda ofisi ya sheria ya kambi mapema, waambie wazi kwamba bibi atakuwa *mwalimu*, si mwangalizi tu. Kama bibi amekuja kwa viza ya matembezi, taja na hilo, maana muda wake wa kukaa una mwisho.

Kamanda anaweza kutuamuru tumpeleke mtoto shule?

Msimamo ulioandikwa wa idara ya shule za jeshi, DoDEA, tangu mwaka 2002 ni kwamba haihimizi wala haikatazi kusomesha nyumbani. Kamanda anaweza kuuliza kama unatii sheria ya jimbo. Mwonyeshe nakala ya taarifa yako.

Mtu wa ustawi wa watoto, au afisa wa utoro, amebisha hodi. Nifanyeje?

Toka nje, funga mlango nyuma yako, msalimie vizuri. Mwombe kitambulisho na umuulize malalamiko ni nini. Nakala ya taarifa uliyotuma na risiti ya posta mara nyingi hutosha kumaliza mazungumzo hapo hapo barazani. Kwa kawaida hana ruhusa ya kuingia ndani bila ridhaa yako, amri ya mahakama au dharura, na unaweza kukataa kwa adabu. Nyumba za ndani ya kambi zina taratibu zake za upekuzi, kwa hiyo kabla ya kusema mengi piga simu ofisi ya sheria. Huduma yao kwa familia ni bure, ingawa zaidi watakushauri na kukuandikia barua. Wa kusimama mahakamani ni wakili wa nje. Baadhi ya familia hulipa uanachama wa HSLDA, chama cha mawakili wa elimu ya nyumbani kilichoanzishwa 1983.

Sisi tuliolelewa kuona afisa wa serikali mlangoni kama balaa huwa na makosa mawili: kujificha ndani, au kumkaribisha chai na kumwonyesha nyumba nzima.

Mwanangu ana mahitaji maalumu na yuko kwenye EFMP.

EFMP, mpango wa jeshi kwa familia zenye mtu mwenye mahitaji maalumu, inaangalia kama huduma zipo huko jeshi linakokupeleka, bila kujali anasomea wapi. Mpango wa IEP, ule wa shule unaoandika huduma maalumu za mtoto mmoja mmoja, ndio wenye mtego. Mtoto wa shule ya umma akihama, shule mpya inalazimika kumpa huduma zinazolingana mara moja. Ukimtoa kusomea nyumbani, haki hiyo ya huduma kamili haihami naye. Wilaya bado ina wajibu wa kumpima ukiomba, lakini kama atapata mtaalamu wa matamshi au la, hilo jimbo ndilo linaloamua. Muulize afisa uhusiano wa shule wa kambi unakokwenda. Kazi yake inazihusu pia familia zinazosomesha nyumbani.

Anaweza kuchezea timu ya shule ya mtaa?

Florida ndiyo, kwa sheria, tangu miaka ya tisini. Georgia ndiyo tangu 2021, kwa masharti. Majimbo mengine kadhaa yanaruhusu pia, mengine hapana, au mpaka wilaya ikubali. Vituo vya vijana vya kambi vina ligi zao na havibagui.

Tumetalikiana. Naweza kuondoka na mtoto na kuendelea kumsomesha nyumbani?

Amri ya mahakama ya talaka inatangulia amri ya uhamisho. Kama imeandikwa atasoma shule ya umma, au mzazi mwenzako ana kauli katika elimu, rudi mahakamani kwanza. SCRA inakulinda upande mmoja: kutumwa kwako kazini hakuwezi kuwa sababu pekee ya kukunyang'anya malezi kwa kudumu.

Na tukipelekwa Ujerumani, ambako kusomesha nyumbani ni marufuku?

Ni marufuku kwa wakazi wa Ujerumani. Wazazi wa Kijerumani waliopeleka malalamiko yao Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu walishindwa mwaka 2006. Familia ya mwanajeshi wa Marekani iko huko kwa hadhi ya SOFA, mkataba kuhusu majeshi ya kigeni yaliyo nchini humo, haihesabiwi mkazi wa kawaida, na inasomesha nyumbani bila bughudha. Tena sheria ya Marekani inampa mtoto wa nyumbani aliye ng'ambo, mwenye sifa ya kuingia shule ya DoDEA, haki ya kutumia maktaba, muziki, michezo na shughuli nyingine za shule hiyo bila kulazimishwa kujiandikisha kama mwanafunzi. Ni haki nono kuliko nyingi za nyumbani Marekani, na wengi hawaijui. Ila siku ukistaafu na kuamua kubaki Kaiserslautern, hadhi inakwisha na mtoto anatakiwa shuleni.

Nibebe karatasi gani kwenye gari, si kwenye lori la mizigo?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Bahasha moja kwa kila mtoto: cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo (North Carolina hutaka itunzwe hata kwa wa nyumbani), nakala ya kila taarifa uliyotuma katika kila jimbo na risiti yake, barua ya kumtoa shule kama aliwahi kusoma, matokeo ya mitihani, mahudhurio, na kazi chache za kila somo zenye tarehe. Kwa wa sekondari ongeza orodha ya masomo, vitabu na alama. Picha zake ziwe pia kwenye simu. Na ukiondoka jimbo linalotunza orodha, waandikie kwamba umehama. Usipofanya hivyo, Septemba wataanza kumtafuta mtoro ambaye yuko umbali wa majimbo manne.

Akimaliza nyumbani, chuo na jeshi watamtambua?

Chuo, ndiyo, aliyemaliza kwa kufuata sheria ya jimbo lake anaweza kuomba msaada wa ada wa serikali kuu. Na kwa sheria ya elimu ya juu ya 2008, mtoto wa mwanajeshi aliye kazini kwa zaidi ya siku 30 analipa ada ya mwenyeji katika vyuo vya umma vya jimbo ambalo mzazi amepangiwa kituo, na akishaanza masomo anaendelea kulipa hiyo hata mzazi akihamishwa, mradi asikatize.

Jeshi pia. Zamani waliomaliza nyumbani waliwekwa daraja la chini wakati wa kuandikishwa, lakini sheria ya bajeti ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2012 ilielekeza watendewe sawa na waliomaliza shule nyingine. Mwandikishaji ataomba cheti cha kumaliza na orodha ya masomo vilivyosainiwa na mzazi, pamoja na ushahidi kwamba sheria ya jimbo ilifuatwa. Kama mlipita majimbo matano, atataka ya matano.